Pasiote Kitu

Wakulima wa uwanda wa Debrecen
hutazama mbingu wakiomba mbegu ziote.
Mimi, ndani ya chumba kisicho na dirisha,
nimepanda sahani mia na ishirini za agari
na ninaomba pasiote kitu.

Kabla ya kuingia nimeuvua mji.
Pete, saa, wanja, hata manukato ya mama mkwe
vimebaki kabatini. Nimenawa hadi viwikoni,
nikavaa ovaroli bila kuiacha iguse sakafu,
mguu mmoja huku, mmoja ng'ambo ya benchi,
kama mtu anayevuka mto wenye mamba
asiowaona.
"Polepole," Emőke alinifunza mwaka wa kwanza.
"Ukikimbia unapukutika. Mtu ni mti wa ngozi,
na kila jani lake lina abiria."

Jumanne, siku ya tano, sahani ya kumi na saba
ilikuwa na doa.
Moja. Dogo kuliko punje ya mtama,
kijani pembeni, liking'aa kama lililopakwa mafuta,
kana kwamba limekuja kwa heshima zote kusalimia.
Maji ya bomba la kumi na saba
ndiyo tunayochanganyia matone ya macho.
Chupa sitini na mbili elfu zilikuwa zimekwisha kufungwa,
zimesimama kwenye trei, safi kwa macho,
na macho ndiyo ambayo yangelipa.

Szilárd wa uzalishaji alikuja na kalamu.
"Doa moja, Borbála. Labda ni kidole chako.
Rudia kipimo, kikitoka safi tusaini."
Nilimwambia: ukiona mchwa mmoja ukutani
hujamwona mchwa, umeliona dirisha la nyumba yao.
Hakucheka. Lori la Miskolc lilikuwa likinguruma nje.

Tukafuata bomba. Emőke mbele na tochi,
miaka sitini na minne, magoti yakilia kama mlango,
mkono wake ukipapasa chuma jinsi mkunga
anavyopapasa tumbo.
Nyuma ya tangi, palipokuwa na mashine ya zamani
iliyong'olewa wakati wa Pasaka,
fundi alikuwa ameziba mdomo tu, akaenda zake.
Kipande cha bomba, kama kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko,
kisichokwenda popote.
Maji yaliingia humo yakasahau kutoka.
Yakapoa. Yakalala.
Na palipolala maji, wao hawalali:
walijenga utando, tabaka juu ya tabaka,
wakatoa ute, wakajifunika, wakazaana
chini ya blanketi waliyoifuma wenyewe,
na kila asubuhi wakatuma mjumbe mmoja mmoja
kwenye mkondo wetu.

Emőke alipitisha kijiti chenye pamba.
Kikarudi kikiteleza.
Alikiinua kwenye mwanga wa tochi, akasema:
"Hawakuvunja mlango. Tuliwajengea chumba."

Msumeno ulikata kipande kile usiku uleule.
Maji ya nyuzi themanini yakazungushwa saa nne
hadi vali ya mbali kabisa ikamuunguza fundi kidole.
Chupa zikaenda tanuruni. Szilárd alisaini hilo pia,
kwa kalamu ileile, bila kuinua uso.
Alasiri nilimwona kantini, karibu na dirisha,
akijitilia matone jicho la kushoto,
kichwa nyuma, mdomo wazi kama kinda.

Leo nimegusisha ncha za vidole vyangu, ndani ya glavu,
kwenye sahani mpya. Vitano kushoto, vitano kulia.
Nimeziweka kwenye kabati la joto, nimeandika saa.
Siku tano tena.
Emőke anastaafu Ijumaa; keki imekwisha kuagizwa.
Njiani kwenda nyumbani ngano ya watu imechomoza,
kijani, kijani, hadi udongo unapoishia.
Ninaipita taratibu, nikikokota baiskeli,
na bila kutaka
ninaanza kuhesabu.